Je, Kufika Salama ni Ushuhuda?



Majuma machache yaliyopita ndugu mmoja alisimama mbele akashuhudia. Bima ya gari yake ilikuwa imeisha, hela hana, na kulikuwa na mazishi Kisumu. Akaomba, akawasha gari, akabeba familia. Kila kizuizi cha polisi, trafiki ama aliangalia kando ama alikuwa ameshasimamisha matatu. Wakaenda, wakarudi. Tulipiga makofi, na mimi ndiye niliyesema haleluya ya kwanza. (Nimeongea naye, na ameniruhusu kuandika haya.)

Jioni ile haleluya ilinikwama kooni. Tulikuwa tunamshukuru Mungu kwa lipi hasa? Kwa kuwalinda njiani, amina. Lakini sehemu iliyotuchangamsha sana ni ile ya askari kutoona.

Tuelewane kwanza hii bima ni ya nani. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inalazimisha kila gari iliyo barabarani iwe na bima ya mtu wa tatu. Si ya gari yako. Ukigonga mti, hiyo bima haikununulii hata taa. Ni ya mama anayechoma mahindi kando ya barabara, ya mtoto anayevuka kwenda shule, ya kijana wa bodaboda uliyemfungia njia. Ikiwa imeisha, kampuni hailipi, na mahakama itakugeukia wewe. Sasa wewe uliyekosa pesa ya stika ya mwezi mmoja, utatoa wapi pesa ya mguu wa mtu?

Nilisomea biashara kabla ya kuitwa, na mambo ya hesabu hayajanitoka. Kuendesha bila bima ni kukopa. Unabaki na hela yako mfukoni, na yule mama wa mahindi ndiye amekuwa mdhamini wako. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemuuliza.

Torati ililiona jambo hili kitambo. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwambia anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke akafa na damu ikawa juu ya nyumba ile. Anaagizwa aweke ukingo kabla mtu hajaanguka.

Kuna atakayesema, pasta, mbona hukemei walevi? Haya. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinasema anayeendesha akiwa amelewa hadi hawezi kuthibiti gari anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Akisababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, kifungo kinaweza kufika miaka 10. Chukua watu wawili waliokunywa sawa, baa moja, usiku mmoja. Mmoja amefika kwake akalala, mwenzake amekuta mtu barabarani. Serikali lazima iwatofautishe, maana kuna maiti na kuna familia inayolia. Siilaumu. Lakini mioyo yao ilipogeuza ufunguo, ilikuwa na tofauti gani? Na sisi tuliookoka tusijipige kifua: tunatoka kesha saa kumi na moja asubuhi, macho mazito, na tunashika usukani.

Kutoka 21 inazungumzia ng'ombe aliyeua mtu kwa pembe. Mwenye ng'ombe asiyejua tabia yake hana hatia. Aliyekwisha kuonywa na asimfunge, huyo hesabu yake ni nyingine kabisa. Neno linauliza ulijua nini. Na stika ya bima imeandikwa tarehe, wapendwa. Sote tumeonywa.

Lakini imani je? Damu ya Yesu si inafunika? Inafunika. Ila kumbukeni aliyemwambia Yesu ajirushe kutoka kinara cha hekalu alikuwa na andiko la ulinzi mdomoni, na Yesu alikataa kuruka.

Nisingeandika haya yote kama yangemhusu yule ndugu peke yake. Mwezi wa Agosti niliendesha gari ya kanisa, vijana 14 ndani, kuwapeleka kesha. Bima ilikuwa imeisha siku 9 kabla. Nilijua tangu Alhamisi. Pesa yake tulikuwa tumeiweka kwenye spika mpya, na sahihi iliyo kwenye ile vocha ni yangu. Tulirudi salama, nikatoa ushuhuda.

Wazazi wa wale vijana, hamkujua, na nilipaswa kuwaambia. Naomba msamaha. Gari sasa ina bima ya mwaka mzima, na mweka hazina ameagizwa asitoe ufunguo kwa mtu yeyote, hata mimi, kabla ya kusoma tarehe.