Mcheza Kwao Hutunzwa: Mashabiki na Mchezaji Anayeaga

Tarehe 8 Machi 2014, katika uwanja wa Lansdowne Road mjini Dublin, timu ya raga ya Ayalandi iliishinda Italia kwa alama 46 kwa 7. Ushindi wenyewe haukuwa jambo la kustaajabisha. Kilichowakusanya watu siku ile ni Brian O'Driscoll, mtu wa miaka 35, aliyekuwa akiichezea nchi yake nyumbani kwa mara ya mwisho. Mchezo ulipokwisha watu hawakuwa na haraka ya kuondoka. Waliimba kwa sauti moja maneno machache tu: mwaka mmoja zaidi, mwaka mmoja zaidi.

Maneno hayo ni matamu, na hapana mchezaji asiyetamani kuyasikia siku ya kuaga. Hata hivyo, ndani ya utamu wake mna swali zito. Je, ampendaye mchezaji ana haki ya kumwomba asiondoke? Na anapoomba, humwombea nani: yule aliye uwanjani, au nafsi yake mwenyewe?

Raga si mchezo wa kubembelezana. Watu 15 kila upande hugombea mpira wenye umbo la yai. Anayeubeba huangushwa chini kwa mabega na mikono ya wenzake wa upande wa pili, huinuka, akaangushwa tena. Mwili ndio ngao, na mwili huohuo ndio silaha. O'Driscoll aliishi maisha hayo katika timu ya taifa tangu mwaka 1999. Mwaka 2000, akiwa na miaka 21, alifunga trai tatu mjini Paris, na Ayalandi ikaishinda Ufaransa katika mji huo kwa mara ya kwanza tangu 1972. Mwaka 2009, akiwa nahodha, aliiongoza nchi yake kuyashinda mataifa yote matano katika Mashindano ya Mataifa Sita, jambo ambalo Ayalandi haikuwa imelipata tangu 1948. Aliichezea nchi yake mara 133 na kuifungia trai 46.

Hesabu hiyo ina upande wake wa pili. Mwaka 2005 alikwenda New Zealand akiwa nahodha wa Lions, kikosi kinachokusanya wachezaji bora wa Uingereza na Ayalandi. Dakika ya kwanza ya mchezo mkuu wa kwanza haijaisha, wapinzani wawili walimwinua juu wakamtupa chini, bega likateguka. Safari iliyoandaliwa kwa miaka ikamwishia papo hapo. Mashabiki hulikumbuka tukio hilo kwa hasira mpaka leo. Yeye alilikumbuka kwa bega.

Hapa ndipo pa kupima. Mashabiki nao wana hoja yao, wala si hoja ya kupuuzwa. Mchezaji hakujifanya mwenyewe. Alifanywa na watoto waliovaa jezi yenye namba yake, na wazee waliosafiri kwa treni na kwa meli kumtazama, na sauti zilizomwinua alipochoka. Umaarufu ni chombo kilichoundwa na mafundi wengi. Basi, husema wao, chombo kilichoundwa na wengi kitawezaje kuzamishwa na mmoja bila kuwauliza wenzake?

Waswahili wana methali iliyo karibu na hoja hiyo: mcheza kwao hutunzwa. Lakini methali hiyo yataka kusomwa kwa makini, kwa kuwa neno *kutunza* lina nyuso mbili. Kutunza ni kumpa mtu tuzo, na kutunza ni kukihifadhi kitu kisiharibike. Kwenye taarabu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, akaenda kwa madaha hadi mbele ya mwimbaji, akamtunza. Fedha ile si bei ya wimbo, maana kiingilio kilikwisha kulipwa mlangoni. Ni shukurani kwa kilichokwisha kutolewa. Anayetunza hanunui ubeti unaofuata, wala hamdai mwimbaji koo lake. Na mwenye adabu, akimwona mwimbaji amekauka sauti, humpelekea maji kabla ya kumpelekea fedha. Huko ndiko kutunza kwa uso wa pili.

Shabiki aliyetunza kwa uso wa kwanza tu ametimiza nusu ya methali. Amelipa, amepiga makofi, ameimba. Kisha akayageuza malipo yake kuwa deni, na deni hilo akalidai katika magoti ya mtu mwingine. Hakuna ubaya wa makusudi katika jambo hili. Ni mapenzi, lakini mapenzi yaliyosahau kwamba mpendwa ana mwili.

Tena kuna jambo lililojificha zaidi. Mtoto wa miaka kumi aliyeziona trai tatu za Paris mwaka 2000 alikuwa kijana wa miaka 24 mwaka 2014. Katikati ya miaka hiyo alimaliza shule, akapata kazi au akaikosa, pengine akamzika babu aliyekuwa akiketi naye kutazama mchezo. Wakati wote huo mtu yuleyule alikuwa uwanjani. Mchezaji wa namna hii huwa kama mnara wa mwambao: wasafiri huupima mwendo wao kwa mnara, hata wakadhani kwamba wao ndio wanaokwenda na mnara hausogei. Siku mnara unapozimwa ndipo hugundua wamekwenda umbali gani. Basi kilio cha mwaka mmoja zaidi si cha mchezaji peke yake. Kila aliyeimba Dublin alikuwa akiuombea ujana wake pia, na ujana hauombwi kwa mtu mwingine, kwa kuwa hakuna aliye nao wa kugawa.

Pingamizi moja yastahili kujibiwa kwa haki. Mwaka mmoja kabla ya siku ile, watu wengi walidhani O'Driscoll amekwisha kucheza. Yeye mwenyewe, mwezi wa Mei 2013, alitangaza kwamba ataendelea kwa mwaka mmoja. Mwaka huo ulianza kwa uchungu: mwezi wa Julai huko Sydney, kocha wa Lions alimwacha nje ya kikosi katika mchezo wa tatu na wa mwisho dhidi ya Australia, na Lions wakashinda 41 kwa 16 bila yeye. Lakini mwaka uleule ulimpa kilicho bora. Tarehe 15 Machi 2014, juma moja baada ya nyimbo za Dublin, Ayalandi iliishinda Ufaransa 22 kwa 20 na kutwaa ubingwa wa Mataifa Sita, katika uwanja uleule alikofunga trai zake tatu miaka 14 nyuma. Je, hii si hoja ya kwamba mashabiki husema kweli, na kwamba mwaka mmoja zaidi ni mwaka wa heri?

La. Ni hoja ya kwamba mwaka ule ulikuwa wake kuutoa. Aliutoa mwenyewe, akijua maumivu ya kila asubuhi ambayo hakuna mwingine aliyeyajua. Zawadi ikitolewa mara moja haiwi ada. Mwenye nyumba aliyemwongeza mgeni wake sinia ya pili hajafunga mkataba wa ya tatu. Heri ya Paris haikutokana na kuombwa; ilitokana na kuamua, na aliyeweza kuamua kubaki ndiye huyohuyo awezaye kuamua kuondoka.

Wala haifai kulijibu jambo hili kwa kanuni moja kwa watu wote. Bi Kidude wa Unguja aliimba hadi uzeeni kabisa, na alipofariki Aprili 2013 alikuwa akihesabiwa kuwa na umri wa karibu miaka mia. Sauti yake ilizeeka kama mbao nzuri, ikapata ukavu na uzito ambao ujana hauna. Bega la mcheza raga halizeeki hivyo. Kila kazi ina kipimo chake, na kipimo humjua zaidi yule aliyeibeba kazi. Wanaotazama huona mwendo wa chombo tu. Mwenye kukikalafati ndiye ajuaye ni wapi maji yanapoingilia.

Kisa hiki hakikuishia Paris, ingawa mtunzi wa hadithi angependa kiishie huko. O'Driscoll alikuwa bado na kazi katika klabu yake ya Leinster. Tarehe 31 Mei 2014, Dublin, katika fainali dhidi ya Glasgow, alitoka uwanjani ameumia wakati mchezo ungali mwanzoni kabisa. Huo ndio ukawa mwisho wa kucheza kwake. Leinster walishinda 34 kwa 12, naye akitazama kutoka pembeni. Rekodi ya dunia aliyoiweka siku ile ya Italia, ya kucheza michezo mingi zaidi ya kimataifa, nayo ilivunjwa mwaka uliofuata na Richie McCaw wa New Zealand.

Waliotaka mwaka mmoja zaidi walijibiwa na mwili wenyewe, bila matusi na bila hotuba. Jioni ile ya Mei hakuna aliyeweza kuimba tena wimbo wa Machi. Kilichobaki ni kusimama na kupiga makofi kwa mtu aliyekuwa akitoka huku akichechemea, bila kumwomba chochote. Pengine hiyo ndiyo mara ya kwanza mashabiki wake walipomtunza kwa nyuso zote mbili za neno.