Mgeni Katika Mji Mkubwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yona 4, Eze. 3:10–17, Yer. 29:4–7, Mdo 18:1–11, Luka 10:30–37, Mt. 6:1–4, 1 The. 2:5–9.

Fungu la Kukariri: Yeremia 29:7. Lisome katika Biblia yako, kisha ulikariri pamoja na darasa lako.

Mwezi Januari 1895 mwanamke kijana wa Kimarekani alifika Calcutta, India. Jina lake aliitwa Georgia Burrus, mwalimu wa Biblia kutoka California, na alikuwa bado hajatimiza miaka 30. Mji huo, ambao leo unaitwa Kolkata, ulikuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza nchini India. Kando ya mto Hooghly yalisimama majumba ya nguzo nyeupe, na nyuma yake vibanda vilivyobanana, ambamo walilala watu waliotoka mashambani kutafuta kazi bandarini na katika viwanda vya magunia. Hapakuwa na kanisa la Waadventista lililomngoja. Wainjilisti wa vitabu wawili, William Lenker na A. T. Stroup, walikuwa wametangulia kufika India mwaka 1893, lakini walishukia Madras, mbali kusini.

Tangu siku hizo Waadventista wengi wamefuata njia kama hiyo. Mwaka 1959 chuo kimoja cha kanisa huko Marekani kilimtuma mwanafunzi wake Mexico kwa kazi ya kujitolea, na kutoka hapo mpango wa wanafunzi wamishenari ukaenea. Siku hizi vijana hupanda ndege kwenda kufundisha, kuuguza na kujenga katika miji wasiyoijua. Nia yao kwa kawaida ni njema. Lakini juma hili darasa litazame swali ambalo nia njema peke yake hailijibu: mgeni anayetoka mbali ana nini cha kuwapa maskini wa mji ambao hata njia zake hazijui? Na je, yawezekana akawaumiza huku akidhani anawasaidia?

JUMAPILI
Kibanda cha Yona

Soma Yona 4:5–11. Yona aliketi wapi baada ya kuhubiri, naye alikuwa akingoja kuona nini?

Watu humkumbuka Yona kwa ajili ya samaki, wakasahau kibanda. Alitumwa ng'ambo, kwenye mji mkubwa wa taifa adui. Alikataa, akalipa nauli ya kwenda kwingine, na aliporudishwa alikwenda na kufanya kazi yake. Tena kazi hiyo ilifaulu kuliko mahubiri ya manabii wengi waliopendwa zaidi: mji mzima ulitubu, kuanzia mfalme. Kwa hesabu ya ripoti za misheni, safari ile ilikuwa na mafanikio makubwa.

Hata hivyo sura ya nne inamkuta nje ya mji, upande wa mashariki, chini ya kivuli, akitazama kwa mbali. Hakuna mtu hata mmoja wa Ninawi ambaye Yona anatajwa kukaa naye au kula naye. Aliuhurumia mtango uliomea usiku mmoja, kwa sababu ulimpa kivuli. Mungu, kwa upande wake, alikuwa na hesabu ya watu wa mji ule, zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na hata wanyama wao hakuwasahau. Kitabu kinaishia kwenye swali la Mungu, na jibu la Yona halikuandikwa.

Ni rahisi kumcheka. Lakini kibanda kile bado kinajengwa. Pengine kina feni na mlinzi getini, na gari linalowapeleka wageni mtaa wa vibanda saa tatu asubuhi na kuwarudisha saa kumi jioni kabla giza halijaingia. Si kila tahadhari ni dhambi. Mgeni akiugua au akiibiwa huwa mzigo kwa wenyeji. Ila mtu anaweza kumaliza miezi mitatu katika mji, akatimiza kila alichoagizwa, na bado awe ameukaa mji huo kwa nje.

JUMATATU
Siku Saba za Kimya

Soma Ezekieli 3:10–17. Nabii alifanya nini siku saba za kwanza miongoni mwa wafungwa wa Tel-abibu?

Ezekieli alikuwa amekwisha kupewa ujumbe. Alikuwa amekula gombo. Roho alikuwa amemwinua. Tena wale watu walikuwa ndugu zake, wa lugha moja naye, nao walihamishwa kama yeye. Kama yupo mjumbe ambaye angeweza kuanza kusema siku ya kwanza, ni huyu. Lakini alikwenda kwenye mto Kebari, akaketi pale walipokuwa wameketi, akakaa siku saba akiwa amestaajabu. Neno la Bwana la kumweka kuwa mlinzi lilimjia mwisho wa siku hizo.

Ikiwa mwenyeji alihitaji siku saba, mgeni atahitaji ngapi? Georgia Burrus alianza na Kibengali, akajifunza kwanza kusikia. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kupeleka nyumbani. Mtu mzima aliyezoea kufundisha huketi kama mtoto wa darasa la kwanza, akakosea maneno, akachekwa, akarudia.

Miaka mia moja kabla yake William Carey, fundi viatu kutoka Uingereza, alifika Bengal mwaka 1793. Mbengali wa kwanza kubatizwa na kundi lake alikuwa seremala aitwaye Krishna Pal, na ubatizo huo ulifanyika Desemba 1800, baada ya miaka saba. Mlango wa moyo wake haukufunguliwa kwa hubiri. Aliteguka bega, akatafuta msaada, na daktari John Thomas, mwenzake Carey, akamrudishia bega mahali pake. Mazungumzo ya injili yakafuata hapo. Lakini mazungumzo hayo yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekaa vya kutosha hata akaweza kuzungumza lugha ya seremala yule.

Ni mambo gani katika mtaa wako mwenyewe ambayo mgeni asingeyaelewa katika juma lake la kwanza? Hilo linakufundisha nini kuhusu mitaa ya wengine?

JUMANNE
Mlango wa Ndani

Soma Matendo 18:1–11. Bwana alimwambia Paulo nini juu ya watu wa Korintho, na alimwambia wakati gani?

Calcutta ya Burrus ilikuwa na mji mwingine ndani yake usioonekana barabarani. Katika nyumba nyingi za heshima wanawake walikaa utawani, katika sehemu ya ndani iliyoitwa zenana, ambako mwanamume wa nje hakuruhusiwa kuingia. Mhubiri angeweza kusimama sokoni mwaka mzima, akasikiwa na mamia, na mama wa nyumba ya pili asijue kwamba kuna mtu aliyesema. Mwanamke aliyejua lugha, kusoma na kushona, huyo aliweza kufunguliwa mlango.

Ndani mlikuwa na huzuni za pekee. Wasichana waliozwa wakiwa bado watoto, na mume akifa, msichana wa miaka kumi aliweza kuwa mjane wa maisha: nguo nyeupe, chakula kidogo, kutengwa na sherehe kana kwamba yeye ndiye aliyeleta kifo. Sheria ya mwaka 1856 iliruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena, lakini sheria iliyoandikwa ofisini haikuvunja upesi desturi iliyokaa nyumbani. Humo ndimo Burrus alimoingia. Mwaka 1895 haujaisha alipata wenzake, familia ya D. A. Robinson, mchungaji aliyekuwa amewahi kufanya kazi Afrika Kusini, na Mae Taylor. Na mwaka uliofuata wanawake hao wawili wakaanza shule ya wasichana.

Hapa pana jambo ambalo simulizi za umishenari huliruka mara nyingi. Sheria ile ya 1856 haikuja kwa sababu ya wageni peke yao. Aliyeipigania kwa nguvu alikuwa Mbengali, mwanazuoni wa Kihindu Ishwar Chandra Vidyasagar, ambaye pia alifungua shule nyingi za wasichana, na alifariki mwaka 1891, miaka minne kabla Burrus hajafika. Mungu hakuingia Calcutta mwaka 1895.

Ndivyo ilivyokuwa Korintho. Paulo alifika mgeni, akatafuta mahali pa kulala kwa watu wa ufundi wake, akashona mahema pamoja na Akila na Prisila. Alipokatishwa tamaa, aliambiwa usiku kwamba Bwana ana watu wengi katika mji ule. Wengi wao walikuwa bado hawajabatizwa, na Paulo hakuwa anawajua. Akakaa mwaka mmoja na miezi sita.

JUMATANO
Dinari Mbili

Soma Luka 10:33–37. Msamaria alifanya nini siku ya pili, na nani aliendelea na kazi alipoondoka?

Mahubiri mengi juu ya mfano huu hukoma kwenye mafuta na divai. Lakini Msamaria alikuwa msafiri. Hakuweza kukaa, naye alijua hivyo. Basi hakuanzisha nyumba yake ya wagonjwa njiani. Alimtafuta mtu wa pale pale, mwenye nyumba ya wageni, ambaye angekuwepo kesho na kesho kutwa. Akamwachia fedha, akamwamini, akaahidi kurudi na kulipa kilichozidi. Majeruhi hakuamka asubuhi akakuta aliyempenda jana ametoweka bila mpango.

Linganisha na yaliyotokea katika miji kama Kathmandu na Phnom Penh. Wageni wengi walitaka kujitolea katika vituo vya yatima kwa juma moja au mawili, na walikuwa tayari kulipia. Vituo vikaongezeka. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba watoto wengi waliokaa humo walikuwa na mzazi aliye hai. Walichukuliwa vijijini kwa ahadi ya shule. Na kila baada ya siku chache mtoto alikumbatiwa na mgeni mpya, akamzoea, akaachwa. Wale wageni hawakuwa watu wabaya. Waliwapenda watoto kweli, na upendo wao ndio uliogeuzwa kuwa biashara.

Wengine husema basi nauli ya ndege ingetumwa tu, ikamlipa muuguzi wa mji ule mshahara wa miezi mingi. Mara nyingi hoja hiyo ni ya kweli, na darasa lisiipuuze. Lakini ikumbukwe pia nani alisema huko Bethania kwamba marhamu ingeuzwa wapewe maskini, na Yohana 12:6 inasema alikuwa na sababu gani. Anayetoa hoja ya nauli na aulizwe kama nauli hiyo imetumwa.

ALHAMISI
Tarumbeta Mfukoni

Soma Mathayo 6:1–4 na 1 Wathesalonike 2:5–9.

Zamani mtu alihitaji kuajiri mpiga tarumbeta. Sasa tarumbeta hukaa mfukoni, nayo hupiga picha. Mama anayefua nguo mbele ya kibanda chake, mtoto anayeoga barabarani: je, wameombwa ruhusa? Je, mgeni angekubali mama yake mzazi aonyeshwe hivyo kanisani kwa watu wasiomjua, ili sadaka iongezeke?

Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba aliwapa injili na pia nafsi yake, akifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Tafakari maana ya kutomlemea mtu ikiwa wewe ndiye mgeni, na wenyeji wako wananunua maji kwa ndoo.

IJUMAA

Kwa Mafunzo Zaidi: Soma sehemu ya kitabu cha Ellen G. White, Huduma ya Uponyaji, kilichotolewa mwaka 1905, inayoeleza njia ya Kristo ya kuwafikia watu. Angalia utaratibu wake: Kristo alichangamana na watu kwanza, akawahurumia, akawatumikia katika mahitaji yao, wakamwamini, mwito wa kumfuata ulikuja mwishoni. Linganisha na Yeremia 29:4–7, ambapo watu waliopelekwa Babeli bila kupenda waliagizwa wajenge nyumba, wapande bustani na wautakie amani mji ule.

D. A. Robinson alifariki kwa ndui mwishoni mwa mwaka 1899 huko Karmatar, ambako kundi lile lilikuwa limeanzisha kituo cha yatima. Georgia Burrus alibaki. Mwaka 1903 aliolewa na Luther Burgess, mmishenari mwenzake, nao wakaendelea na kazi hadi kwenye vilima vya Wakhasi, kaskazini-mashariki mwa India. Aliyeshuka Calcutta akiwa msichana aliitumikia nchi ile kwa karibu miaka 40.

Maswali ya Kujadili:

Wengi hawawezi kukaa miaka 40, wala miaka miwili. Je, safari fupi ina nafasi katika kazi ya Mungu? Jadilini ni nani angekuwa "mwenye nyumba ya wageni" katika safari ya namna hiyo, na kama ameulizwa anachohitaji.

Kanisa lenu au mtaa wenu umewahi kupokea wageni wa kujitolea kutoka ng'ambo? Walipoondoka, kilibaki nini? Semeni kwa upendo, lakini semeni kweli.

Kijana wa darasa lenu anaomba michango ili aende kujitolea katika mji mkubwa wa nchi nyingine kwa mwezi mmoja. Hajui lugha ya huko. Moyo wake unawaka. Darasa litamjibu nini Sabato hii?