Siku Kumi na Siku Zote

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Danieli 1; Danieli 10:2, 3; Kutoka 16:13–35; Mithali 25:16; 2 Wafalme 20:1–7; Yohana 21:1–14; Warumi 14:1–13.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 10:31. Likariri kutoka katika Biblia yako, kisha ulieleze kwa maneno yako mwenyewe.

Chukua mfano wa mama mmoja wa Kiboriloni, mshiriki mwaminifu, mwenye umri wa miaka 54 na kisukari cha aina ya pili. Kila mwaka makambi yakiisha, anarudi nyumbani na azimio jipya. Amehudhuria kipindi cha afya kila asubuhi, naye anaacha vyote kwa siku moja: ndizi, ugali, wali, viazi, chapati, hata matunda. Anakula mchicha mtupu na kunywa maji ya majani yaliyochemshwa. Juma la kwanza gauni linalegea na watu wanamsifu. Juma la tatu ni harusi ya mtoto wa dada yake. Anaonja wali, kisha soda, na usiku anajiambia kwamba ameshindwa tena. Kuanzia kesho yake anakula kama zamani, na daftari la kliniki linakaa kabatini.

Mwaka huu limeongezeka jambo jingine. Alikuwa akipalilia, akachomwa na mwiba mguuni, wala hakuhisi. Alijua alipoona damu kwenye kandambili.

Mama huyu hajapungukiwa na imani, wala hana upungufu wa nia. Alichokosa ni namna ya kula anayoweza kuishi nayo mpaka uzee. Somo la juma hili linatazama jinsi Mungu anavyowalisha watu wake, si kwa majuma matatu tu, bali siku zote.

JUMAPILI
Jaribio na Maisha

Soma Danieli 1:8–21. Jaribio la Danieli lilidumu siku ngapi? Fungu la 21 linasema alikaa Babeli hata lini?

Habari za siku kumi za Danieli zinajulikana sana kanisani. Wengi huzitumia kama ratiba: siku kumi za mboga na maji, kisha mtu arudi alikotoka. Lakini siku kumi zilikuwa jaribio ambalo Danieli alimwomba msimamizi, baada ya mkuu wa matowashi kuogopa kupoteza kichwa chake. Baada ya hapo vijana hao waliendelea na chakula kilekile katika muda wa mafunzo, ambao kulingana na fungu la 5 ulikuwa miaka mitatu. Kisha sura inafungwa kwa kusema kwamba Danieli alikuwapo hata mwaka wa kwanza wa Koreshi. Tangu alipochukuliwa mateka, mwaka 605 K.K., mpaka Koreshi alipoitwaa Babeli mwaka 539 K.K., ni zaidi ya miaka 60.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji hulipita haraka. Fungu la 15 linasema vijana hao walionekana wamenenepa kuliko wenzao. Basi sura hii haikuandikwa iwe njia ya kupunguza mwili. Inahusu watu waliochagua chakula ambacho wangeweza kukila kwa dhamiri safi wakiwa kazini, ugenini, mwaka baada ya mwaka.

Sasa linganisha na Danieli 10:2, 3. Akiwa mzee, Danieli alifunga majuma matatu bila chakula kitamu. Kama kuacha chakula kitamu kulikuwa jambo la majuma hayo matatu, basi siku nyingine alikifurahia. Danieli alijua tofauti kati ya kufunga na kula kwa kila siku. Mama wa Kiboriloni amejaribu kuufanya mfungo kuwa maisha, na mwili wake umekataa.

Je, kuna uamuzi kuhusu chakula uliouanza kama jaribio la siku chache? Ungehitaji kubadili nini ili uweze kudumu nao kwa miaka 20?

JUMATATU
Mana ya Kutosha

Soma Kutoka 16:13–21, 35. Mungu aliweka mpaka gani juu ya mana? Iliwatokea nini waliojaribu kuweka akiba?

Jangwani Mungu hakuwapa Israeli karamu ya siku moja, wala njaa ya kuwatakasa. Aliwapa kipimo, pishi moja kwa kila mtu, kwa kila siku. Kila asubuhi walitoka kuokota upya, na siku ya sita waliokota mara mbili kwa ajili ya Sabato. Hali hiyo iliendelea miaka 40.

Mithali 25:16 inatumia kanuni hiyohiyo kwa kitu kitamu kuliko vyote walivyokuwa navyo watu wa kale. Aliyepata asali anaruhusiwa kuila; anachoonywa ni kupita kiasi. Kwa mwenye kisukari neno kiasi si neno dogo. Mtu anayeweka vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe cha chai ya mchaichai, na kunywa vikombe vinne kwa siku, amekula vijiko 12 kabla ya kuhesabu chakula. Chupa moja ya soda ina sukari ya karibu vijiko vinane vidogo. Kuondoa vitu hivyo viwili tu hakuhitaji pesa, na sufuria ya nyumbani inabaki ileile.

Mizani nayo haidai miujiza. Nchini Marekani, utafiti uliotangazwa mwaka 2002 ulifuatilia zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi kama kutembea haraka dakika 150 kwa juma walipunguza hatari ya kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa, matokeo bora kuliko ya waliopewa vidonge vya metformini. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kama kilo 6.

Utafiti mwingine, wa Uingereza, ulianza kwa mlo mkali wa miezi michache kwa watu ambao tayari walikuwa na kisukari cha aina ya pili. Baada ya mwaka, asilimia 46 yao walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa. Baada ya miaka miwili walibaki asilimia 36. Uzito uliporudi, mara nyingi sukari ilirudi nao. Kushuka kunawezekana, kazi kubwa ni kukaa huko chini.

Kwa nini Mungu aliwapa watu wake chakula cha siku moja moja badala ya ghala lililojaa? Hilo linamfundisha nini anayeogopa miaka yote iliyo mbele?

JUMANNE
Meza ya Kihamba

Soma Mwanzo 1:29 na Danieli 1:12. Vyakula vinavyotajwa vilitoka wapi?

Neno la Kiebrania katika Danieli 1:12 linahusu vitu vitokanavyo na mbegu. Danieli aliomba chakula kilichopatikana palepale Babeli. Vivyo hivyo, anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro hahitaji kuagiza unga wa ajabu kutoka mbali.

Mwaka 1989 jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania, vikiwamo vya Kilimanjaro. Waliokutwa na kisukari walikuwa chini ya mtu 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta sukari iliyopanda kwa karibu watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo havikuwa vya namna moja, lakini mabadiliko yanaonekana hata bila kitabu. Wazee walipanda na kushuka mlima kwa miguu wakiwa na mzigo. Leo bodaboda inamfikisha mtu mlangoni. Sukari, mafuta ya kupikia na soda, vilivyokuwa vya sikukuu, sasa ni vya kila siku.

Hata hivyo kihamba hakijaisha. Ndizi hukua pamoja na maharage, mboga na parachichi. Kiburu huunganisha ndizi na maharage katika chungu kimoja, na maharage yana protini na nyuzinyuzi zinazofanya sukari iingie mwilini polepole. Mnafu, mchicha na majani ya maboga hupatikana sokoni Kiboriloni kwa bei ambayo wengi wanaimudu.

Tatizo la mama yule halikuwa ndizi, bali sahani iliyojaa ndizi peke yake. Kanuni inayofundishwa na wataalamu wa lishe ni rahisi kukumbuka. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe maharage au chakula kingine cha kujenga mwili, na robo iwe ndizi, ugali, wali au viazi. Kwa kanuni hiyo anakula chungu kimoja na mume wake na wajukuu wake. Akipewa chungu cha peke yake, atakichoka. Na anayepika vyungu viwili kila siku atachoka kabla yake.

Orodhesha vyakula vitano vya nyumbani kwenu vinavyofaa kwa mwenye kisukari. Ni kipi ambacho familia nzima inaweza kukila bila kunung'unika?

JUMATANO
Dua na Dawa

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Mungu alimjibu Hezekia vipi, na Isaya aliagiza nini kifanyike?

Hezekia aliomba kwa machozi, na Bwana akaahidi kumponya. Kisha Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa zilikuja kwa mkono uleule, na hakuna aliyemwambia mfalme kwamba tini zinaonyesha upungufu wa imani.

Hapa makanisa yanahitaji kuwa na hekima. Mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari akifunga bila ushauri, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Atatoka jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa, na asiposaidiwa anaweza kupoteza fahamu. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini, hata chakula chake kiwe kizuri namna gani. Anayemwambia mgonjwa aache dawa ili aithibitishe imani yake anacheza na uhai usio wake.

Chakula kikirekebishwa vizuri, dawa huweza kuhitaji kupunguzwa. Hiyo ni habari njema, lakini uamuzi huo hufanywa kliniki, kwa vipimo. Wakazi wa Moshi wana hospitali ya mkoa ya Mawenzi, na KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo pia mgonjwa hukaguliwa macho, figo na miguu. Mwiba usiohisiwa ni sababu ya kwenda kliniki juma hilohilo, na miguu itazamwe kila jioni.

Ungemjibu nini ndugu anayesema kwamba kumeza vidonge ni kumwamini daktari kuliko Mungu?

ALHAMISI
Asubuhi Baada ya Kuanguka

Soma Yohana 21:1–14 na Warumi 14:1–13. Yesu alikuwa akifanya nini ufuoni? Nani alikuwa miongoni mwa wageni wake?

Petro alikuwa ameapa kwamba hatamkana Bwana, akamkana mara tatu. Alipomkuta Yesu ufuoni, palikuwa na moto wa makaa, samaki na mkate. Bwana alimlisha kwanza. Mazungumzo mazito yalikuja baada ya kula, nayo yaliishia kwa kumrudishia kazi.

Mama wa Kiboriloni hakuharibiwa na sahani moja ya wali wa harusi. Kilichomdhuru zaidi ni miezi iliyofuata, alipojiona hana tena haki ya kuanza. Hata mana ya jana ikiharibika, asubuhi ilikuwapo mana mpya. Aliyekula vibaya Jumapili mchana anaweza kula vizuri Jumapili jioni.

Na kanisa lina sehemu yake. Katika chakula cha pamoja baada ya ibada, je, mgonjwa anakuta maji na mboga za kutosha, au soda na wali tu? Desemba, watoto wanaporudi Moshi kutoka Dar es Salaam na kreti za vinywaji, nani atamtetea bibi mezani? Paulo anawakataza waumini kuhukumiana juu ya chakula, na papo hapo anawakataza kumwekea ndugu kikwazo. Kumchungulia mtu sahani ni kosa. Na kumlazimisha aongeze kijiko, eti asionekane ana maringo, ni kosa pia.

Lini mara ya mwisho ulimfanya mtu aone aibu kwa sababu ya alichokula au alichokataa?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya alitaka kufa. Malaika hakumkemea, alimpa chakula, akamwacha alale, akampa tena chakula, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Safari ya mwenye kisukari ni ndefu pia, nayo huenda kwa chakula cha leo.

Basi mrudie mama yule. Safari hii haanzi kwa kuacha vyote. Juma la kwanza anaondoa sukari kwenye chai. Juma la pili anageuza sahani, mboga ziwe nusu. Mwezi unaofuata, yeye na jirani yake wanaanza kutembea nusu saa, siku tano kwa juma, wakipanda njia ya kuelekea Old Moshi. Daftari la kliniki linatoka kabatini, na kidonda cha mguu kinasafishwa na muuguzi. Harusi nyingine ikija, atakula wali robo sahani na kunywa maji, kisha kesho yake ataendelea. Makambi yajayo huenda asiwe na ushuhuda wa kushangaza. Atakuwa na miguu miwili.

Maswali ya Kujadili:

1. Danieli alitumia busara na heshima kwa msimamizi wake (Danieli 1:11–14). Mgonjwa anawezaje kutumia busara hiyo kwa mwenyeji anayemlazimisha kula?

2. Kwa nini maazimio makubwa ya makambi huisha mapema? Kikundi chenu kinaweza kusaidiana vipi mwezi wa tatu, sifa zinapokuwa zimekwisha?

3. Wagonjwa wangapi wa kisukari wamo katika kanisa lenu? Amueni jambo moja kuhusu chakula cha pamoja cha Sabato ijayo, na mtaje nani atalisimamia.

4. Ombeni kwa majina kwa ajili ya wanaougua, wakiridhia kutajwa. Kisha ulizeni nani anahitaji kusindikizwa kliniki juma hili.