Rehani ya Jirani na Usingizi wa Maskini

Enyi wakatekumeni, Mungu aliumba usiku ili watu wapumzike. Mbona basi vijijini wako wengi wakaao macho wazi hata jogoo awike?

Wengine husema upesi: «Amerogwa.» Mtu hupelekwa kwa mfumu, mfumu hupokea kuku na franka, naye mgonjwa hurudi nyumbani na deni la pili. Kumbe lile la kwanza ndilo lililomnyima usingizi!

Chukueni mfano wa mjane aliyekopa karo ya mwanawe wa shule ya sekondari, akaweka rehani mihogo ingali shambani. Akijilaza, moyo wahesabu: mwenye deni atakuja lini? Watoto watakula nini? Waganga wa hospitali wafahamu leo ya kuwa mwili wa mwenye hofu hukesha kama mlinzi mlangoni. Mtu mzima huhitaji saa 7 au zaidi za usingizi kila usiku; huyu apata 3, na asubuhi jembe ni zito, hasira ni karibu. Wengine hunyeshewa ndani ya nyumba, au hukosa chandarua. Huko Kivu na Ituri, waliokimbia vita hulala nusu ili wasikie bunduki. Asiambiwe mtu wa namna hiyo kwamba imani yake ni haba. (Lakini mwenye homa ya siku nyingi, asinziaye mchana na kukesha usiku, aende zahanati bila kukawia: pengine ni malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, nao una dawa.)

Je, Mungu aliliangalia jambo hili? Naam. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, aliwaamuru Waisraeli kwamba anayeshika vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla ya jua kutua, maana hana kitu kingine cha kujifunika. Sheria haimwulizi maskini sababu ya kukesha. Yamwuliza yule aliyeshika vazi. Tena Kitabu cha Walawi, sura ya 19, chakataza kuuweka ujira wa kibarua hata asubuhi. Kwa kuwa kati ya jioni na asubuhi kuna usiku mzima, naye kibarua atauona wote.

Msidhani kwamba hayo yawahusu wenye makampuni na machimbo tu. Yuko hapo kijijini aliyelimiwa shamba, naye kila siku asema: «Njoo kesho.» Yuko aliyeshika baiskeli ya jirani, ile ile ya kupeleka makaa sokoni. Asali rozari yake jioni, alala vizuri, na baiskeli imeegemea ukuta wa chumba chake.

Katika Injili ya Mateo Mtakatifu, sura ya 20, Bwana Yezu alisimulia habari za mwenye shamba la mizabibu. Ilipokuwa jioni, alimwamuru msimamizi awalipe wote. Hata walioajiriwa saa kumi na moja, jua likikaribia kutua, walipewa dinari nzima. Wenye kunung'unika walikuwako. Lakini hakuna aliyeambiwa arudi kesho.