Kilabuni Mnajua, Mahakamani Hamjui

Sikieni, watu wa Rombo, ninyi wa Tarakea, nanyi wa Useri na Mashati na Mkuu, nanyi mliohamia Moshi mjini na Dar es Salaam mnaopanda huku kila Desemba kuchinja mbuzi na kuulizia nani amekufa mwaka huu. Nina neno nanyi, na sikuja kuwabembeleza.

Mtu akiuawa kwenu, mnajua. Kata ya kwanza ya mbege haijamalizika, muuaji ameshatajwa, sababu imetajwa, na mwanamke wa nyumba ile ameshavuliwa nguo kwa maneno. Mnajua pikipiki ilielekea wapi, ilipita njia gani ya panya kuvuka mpaka upande wa Loitokitok, na aliyepakiwa nyuma alivaa koti la rangi gani. Siku ya tatu anafika mpelelezi na daftari lake, anakuta kijiji cha vipofu. "Mimi nilikuwa shambani." "Mimi nilisikia tu, afande." Aliyetaja rangi ya koti juzi, leo hata jina la marehemu linamtoka kwa shida. Mpelelezi akishaondoka, kilabu kinajaa tena, na vipofu wote wanaona.

Hilo ndilo ninalowakaripia. Wauaji nitawaachia majaji. Nasema na ninyi wengi, mnaohudhuria misa na swala, mnaochanga rambirambi, na ambao hamjawahi kumnyanyulia mtu panga.

Mnakumbuka Agosti 7, 2013. Mchana kweupe, Mjohoroni wilayani Hai, eneo la jirani na uwanja wa ndege wa KIA, Erasto Msuya, mfanyabiashara wa tanzanite, aliuawa kwa risasi. Mkoa mzima ulisimama. Na mlisimama kuuliza nini? Magari ni mangapi, hoteli yake itabaki kwa nani, mjane ataishi vipi na wakwe zake. Mlimwita Bilionea akiwa hai, mkamwita Bilionea akiwa kaburini, mpaka leo kesi yake haitajwi bila neno hilo, utadhani kilichopigwa risasi pale Mjohoroni ni akaunti ya benki. Mei 2016 dada yake, Aneth, akauawa nyumbani kwake Kibada, Kigamboni. Alikuwa mtu mzima, mtumishi wa umma, mwenye maisha yake. Nanyi mkamwita "dada wa Bilionea". Wazazi waliopoteza watoto wawili kwa mikono ya watu, mliwapa simulizi ya mali badala ya pole.

Mwaka huo huo mjane wa Msuya akakamatwa, akashtakiwa pamoja na mtu mwingine kwa mauaji ya wifi yake. Kosa la mauaji halina dhamana. Aliyeshtakiwa hukaa mahabusu mpaka kesi iishe. Ninyi hamkuihitaji hiyo kesi. Mlikuwa mmeshahukumu, na hukumu yenu ilikuwa na vichekesho ndani yake. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa, lakini Katiba haijawahi kunywewa mbege. Februari 2024, Jaji Edwin Kakolaki wa Mahakama Kuu akawaachia huru wote wawili: upande wa mashtaka haukuthibitisha. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka saba. Sasa niambieni, katika ninyi mliomhukumu mwaka 2016, ni nani aliyerudi kwenye kijiwe kile kile, mbele ya watu wale wale, akasema nilimsingizia mtoto wa watu? Nilichosikia mimi ni kingine: "Si wana hela." Yaani akifungwa, mahakama imesema kweli, akiachiwa, mahakama imenunuliwa. Kwa mizani hiyo hakuna mtu duniani anayeweza kuwa hana hatia mbele yenu. Na familia ya Aneth? Walirudi nyumbani siku ile wakiwa na kaburi, bila jina la muuaji. Hao hamkuwauliza kitu, maana simulizi ilikuwa imeisha utamu.

Kesi ya Erasto mwenyewe ilikwenda kwa njia nyingine. Julai 2018, Mahakama Kuu hapo Moshi, Jaji Salma Maghimbi aliwahukumu watu watano kunyongwa na kumwachia mmoja. Sisemi hukumu ya kifo ni jambo la kushangilia. Nasema ilichukua karibu miaka mitano, na katika miaka hiyo walikuwepo watu waliopanda kizimba cha mashahidi, wakala kiapo, wakaulizwa maswali ya kuchosha na mawakili, wakasema walichokijua. Hakuna aliyewanunulia bia kwa ajili hiyo. Hao ndio walioipa ile familia jibu, si ninyi mliojua kila kitu.

Teremkeni nami mpaka Himo. Novemba 2017, mwanafunzi wa kidato cha pili wa shule ya bweni alitoweka. Jina lake silitaji. Wazazi wake wamelisikia vya kutosha midomoni mwa watu. Mwili wake uliopolewa Mto Ghona, ukazikwa kama wa mtu asiyejulikana, huku familia ikimtafuta. Ukafukuliwa, ukapimwa vinasaba, ndipo ikathibitika kwamba mtoto aliyetafutwa na baba yake alikuwa ameshazikwa na watu wasiomjua. Kwa maelezo yaliyotolewa mahakamani, mlinzi wa shule alimdhania mwizi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu Moshi ilimhukumu mlinzi huyo kunyongwa, na mmiliki wa shule na mwalimu mmoja wakahukumiwa kwenda jela miaka minne kwa kuificha habari ya mauaji.

Kaeni hapo kidogo. Neno "mwizi" lilimtosha mlinzi, kama linavyowatosha ninyi. Ni mara ngapi mmelisikia likipigwa sokoni mkakimbia na jiwe mkononi bila kuuliza nani kaibiwa nini? Aliyeuawa kwa mawe ya watu hamsini hana muuaji, ndivyo mnavyojidanganya; lakini ana mama, na mama yake anawasalimia sokoni kila wiki akijua kabisa kwamba miongoni mwa wanaomwitikia wamo waliorusha. Na kile kifungo cha miaka minne kisomeni vizuri. Waliofungwa hawakuhukumiwa kwa kupiga panga. Walijua, wakafunika. Mkipimwa kwa kipimo hicho, vilabu vingapi vya Rombo vingebaki na wateja?

Kisha kuna simu zenu. Agosti 2024 video ilisambaa ya binti wa Yombo Dovya, Dar es Salaam, akifanyiwa ukatili na kundi la wanaume. Septemba 30 mwaka huo, mahakama Dodoma iliwahukumu wanne kifungo cha maisha. Kabla ya hapo kamanda wa polisi wa mkoa huo alikuwa ameondolewa kwenye nafasi yake, baada ya kunukuliwa akimzungumzia binti yule kama mtu anayejiuza. Mlimkasirikia kamanda. Vema. Lakini video ile ilifika Tarakea kwa miguu gani? Haikupanda basi. Ilipita kwenye vidole vyenu, kundi kwa kundi, la ukoo, la kikoba, la kwaya, na chini yake mkaandika "jamani inasikitisha". Mliisambaza kwa masikitiko. Walioshika simu siku ile walimdhalilisha mara moja. Kila mlipoituma alidhalilishwa upya, na waliofanya kazi hiyo mlikuwa ninyi, kwa bando mlilonunua wenyewe. Ajali za barabara ya Himo mnazifanyia hivyo hivyo. Kuna watoto waliojua baba yao amekufa kwa kuuona mwili wake kwenye "status" ya jirani, polisi hata hawajapiga simu.

Na lipo jambo linalonikera kuliko yote hayo, maana hili mnalivika heshima ya wazee. Binti wa jirani anabakwa. Mama anataka kwenda kituoni kuchukua fomu ya PF3. Wanakuja wajomba, anakuja mwenyekiti wa kitongoji, linakuja jani la sale. Jani ambalo babu zetu walilipeleka kuomba radhi ya kweli, ninyi mnalileta kufunika ubakaji. Mnaweka kikao leo, kinaahirishwa mpaka kesho kutwa kwa sababu baba mkubwa yuko Moshi, mbuzi anatafutwa. Huku saa 72 ambazo ndani yake hospitali ingeweza kumpa binti dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi zinapita, na nguo ambazo zingekuwa ushahidi zimeshafuliwa. Sheria ya mwaka 1998 imeweka kuanzia miaka 30 kwa mbakaji. Ninyi mmeweka mbuzi na debe la mbege, na mbuzi mwenyewe anakuja kuliwa na walioamua. Binti hakuonja hata kisusio. Anaambiwa asiharibu undugu, na Krismasi inayofuata anatumwa kumpelekea mtu yule yule maji ya kunawa. Kosa la jinai ni kesi ya Jamhuri, halina "tumeyamaliza nyumbani". Mliyamaliza kwa nani?

Najua mtakachonijibu. Mtasema polisi wanauza siri, ukitoa taarifa asubuhi jioni mtuhumiwa anajua jina lako. Mtasema nauli ya kwenda Moshi ni yako, unafika unaambiwa upelelezi haujakamilika, rudi baada ya siku 14. Kuna ukweli humo, na serikali ina aibu yake. Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ilipitishwa mwaka 2015, na mtu wa Rombo ana haki ya kuuliza inamlinda wapi. Lakini hofu hiyo mbona hamuioni kilabuni? Muuaji ana masikio hata kule. Mnamtaja kwa jina mbele ya ndugu zake, mkiwa mmelewa, bila sheria yoyote ya kuwalinda. Anayeogopa kwa kweli hunyamaza kote kuwili. Huyo simkaripii. Namkaripia mwenye ulimi wa umbea na bubu wa haki.

Ole wenu mnaokwenda matangani kupekua. Mnakaa kwenye viti vya kukodi vya mfiwa, mnakunywa chai yake, mnamuuliza mjane alimwona lini mara ya mwisho, na macho yenu yanamkagua kama analia inavyotakiwa. Akilia sana anaigiza. Asipolia ana lake. Mtoto anapita na birika, mnashusha sauti anapofika na kuipandisha akigeuka. Mnadhani hasikii? Shuleni Jumatatu wenziwe watamrudishia maneno yenu yote, neno kwa neno, maana walifundishwa nyumbani.

Basi fanyeni haya, leo, kabla ya kikao cha jioni. Mwenye video ya mtu aliyeuawa au kudhalilishwa aifute, na aliyemtumia amwambie aifute. Aliyepewa samansi akaificha chini ya godoro aitoe aende. Aliyeona pikipiki, koti, njia ya panya, aende akaandikishe maelezo. Na kama kituo cha hapa hakiamini, apande gari ateremke mpaka ofisi ya mkuu wa upelelezi mkoani, Moshi, akaseme kule. Mama mwenye binti aliyeumizwa asisubiri wajomba, amshike mkono waende hospitali. Na aliyemwita mtu muuaji, kisha mahakama ikamwona hana hatia, arudi pale pale aliposemea, mbele ya wale wale, akayafute maneno yake kwa sauti ile ile.