Hiari ya Anayeondoka

Mgeni mmoja msomi alitamka mezani, huku akijipakulia wali, kwamba sheria za pasi, zilizomzuia Mwafrika kukaa mjini bila kibali, zilifutwa Afrika Kusini mwaka 1986, na tangu hapo kila mtu kule anahama kwa hiari yake. Wali ukanishinda.

Uhamaji wa ndani ni nini, kila mtu anajua, tupite. Ninachouliza ni hiyo hiari. Mzungu wa Johannesburg anauza nyumba, anafuata bahari Cape Town, na anapokewa kama baraka. Mxhosa wa Rasi Mashariki anapeleka mwanawe shule mji huohuo, na mwaka 2012 Helen Zille, aliyekuwa kiongozi wa Rasi Magharibi, jimbo la mji huo, anawaita watoto kama huyo wakimbizi wa elimu.

“Lakini amechagua!” Amechagua nini? Kwa sheria ya 1952 Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72, ila awe na kibali, au amezaliwa na kuishi humo daima, au amemtumikia mwajiri mmoja miaka 10, au ameishi humo kihalali miaka 15. Tangu 1955 katika kazi za Cape Town walitangulizwa walioitwa Machotara. Kati ya maeneo waliyotengewa Waxhosa, Transkei ikatangazwa “nchi huru” mwaka 1976, Ciskei ikafuata 1981, na mwenye nchi akawa mgeni kwao. Zote mbili zikaunganishwa katika Rasi Mashariki mwaka 1994, pamoja na umaskini wake. Pasi ilifutwa, shule za udongo zilibaki. Isitoshe, anayetoka Johannesburg anaondoka na bei ya nyumba yake, ilhali wa kijijini Transkei shamba lake halina hati, hana cha kuuza. Kubaki kukiwa hakuna thamani, kuondoka kunaitwaje chaguo?

Kwamba bajeti ya jimbo linalopokea ina kikomo, nakubali.

Ila linalonivuta zaidi ni Desemba, mabasi ya Cape Town yanapojaa kuelekea Mthatha, Transkei ya zamani, zaidi ya kilomita 1,000. Na wengi wakifia Cape Town, maiti husafirishwa njia hiyohiyo kuzikwa kwao. Sensa ilimhesabu marehemu, alipokuwa hai, kuwa amehama. Jamaa zake wanasema alikwenda kazini, amerudi. Nani ana haki ya kuamua mtu yuko wapi?

Sina jibu. Na wajukuu waliozaliwa Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town, wanaoijua Mthatha kwa Krismasi tu, bado wanaulizwa wametoka wapi. Yule msomi, nadhani, angesema nao walichagua.