Kuna Mawingu, Mama

Somo la juma: Luka 12:54–59



Jumamosi iliyopita nilikuwa saluni hapa Brussels, ndani ya Galerie d'Ixelles, hatua chache kutoka kituo cha metro cha Porte de Namur, nikimngoja mke wangu amalize kusukwa. Kwenye kiti cha pili alikaa mama mmoja wa Goma, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado imetimka. Simu yake ikalia. Akaiweka kwenye spika, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika rasta.

Hakuuliza habari za vita wala hakutaja askari. Aliuliza tu, “Hali ya hewa iko namna gani?”

Sauti ya kijana ikajibu, “Iko mawingu, mama. Lakini mvua bado.”

Saluni nzima ikanyamaza. Tangu Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, wengi wetu tumejifunza kuzungumza na nyumbani kwa kuzunguka. Kila aliyekuwamo alijua kwamba habari ile haikuwa ya mvua. Msusi naye alijua. Vidole vyake vilisimama katikati ya msuko. Msusi huyo ni mzaliwa wa Gisenyi, Rwanda, ng'ambo ya mpaka.

Nitarudi kwenye vidole hivyo. Kwanza tufungue Injili.

Yesu anawaambia makutano: mkiona wingu likipanda kutoka magharibi, mnasema mvua inakuja, na kweli inakuja. Upepo ukivuma kutoka kusini, mnasema kutakuwa na joto, na joto linakuja. Watu wa nchi ile walijua mambo yao, maana magharibi kwao ni bahari na kusini ni jangwa. Hata sisi wa Brussels tunalielewa somo hili bila mwalimu, kwa sababu mvua yetu nyingi pia hutokea magharibi, upande wa bahari. Lakini Yesu anawageukia kwa ukali. Anawaita wanafiki: uso wa mbingu mnaujua kuusoma, mbona majira haya hamyasomi?

Nililikumbuka neno hilo niliposoma kwamba jeshi la Marekani linaandaa roketi ya kurusha setilaiti nyingine ya hali ya hewa. Ya kwanza ya kizazi hiki iliruka tarehe 11 Aprili 2024 kutoka Vandenberg, California. Chombo hicho hupokea mawimbi yanayopenya mawingu, kikapima nguvu ya upepo juu ya bahari na ukali wa tufani.

Askari anataka nini na mawingu? Jibu lake ni la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa wakipiga picha za kijasusi kutoka angani kwa filamu, na filamu hiyo ilirudi duniani kwa parachuti, ikadakwa na ndege ingali hewani. Fikirini gharama yake. Halafu wakiisafisha wanakuta picha za mawingu matupu! Ndipo, kuanzia 1962, wakarusha kwa siri setilaiti za kuwaambia mahali palipo peupe. Jicho lile halikutengenezwa kwa ajili ya mkulima anayengoja mvua. Lilitengenezwa ili jicho jingine lione vizuri.

Hata hivyo, Mungu hugeuza vyuma. Nabii Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe. Mwishoni mwa 1972 siri ile ilifunguliwa, na takwimu za setilaiti za kijeshi zikaanza kuwafikia raia. Zikawasaidia watabiri kujua tufani inakogeukia. Lakini upanga ukishakuwa jembe unaweza kurudishwa ghalani. Katikati ya 2025, msimu wa tufani ukiwa umeanza, ilitangazwa kwamba takwimu hizo zitakatwa. Watabiri wakapiga kelele, na mwishoni mwa Julai wakaambiwa kwamba zitaendelea. Kumbe kuona si tatizo. Swali ni aliyeona atafanya nini na alichokiona.

Tusidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Wazee wetu wa Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba, wanaikumbuka OTRAG, kampuni ya Kijerumani ya Lutz Kayser. Rais Mobutu aliikodishia eneo kubwa sana kaskazini mwa jimbo ili irushe roketi. Wajerumani hao walisema nia yao ni kupeleka setilaiti angani kwa bei nafuu. Mataifa mengine yalinusa silaha. Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu mwenyewe alikwenda kutazama. Roketi ikapanda, ikayumba, ikaanguka bondeni mbele ya macho yake.

Tazameni kalenda. Siku 17 kabla yake, tarehe 19 Mei, askari wa miavuli wa Kifaransa walikuwa wameshuka Kolwezi kupambana na waasi, katika jimbo lilelile, mji ukiwa umejaa maiti. Upande wa kusini watu walikuwa bado wanalia matanga; upande wa kaskazini wakubwa walikuwa wameinua shingo kutazama juu. Sijui mfano ulio karibu nasi kuliko huo wa kusoma mbingu na kushindwa kusoma majira.

Na sisi je? Simu zetu zinatupa hali ya hewa ya Brussels na ya Goma kwa pamoja, digrii kwa digrii. Tunajua mji gani umeanguka kabla redio haijatangaza. Kisha tunashuka Porte de Namur, tunaona mtu wa kabila fulani kwenye Chaussée de Wavre, tunavuka barabara ili tusimsalimie. Harusini mtu mmoja anataja jina la rais mmoja, na hali ya hewa inachafuka mpaka keki inakatwa kimya kimya.

Wengi huliacha somo hili kwenye mstari wa 56. Yesu hakuishia hapo. Papo hapo anazungumza juu ya mtu anayekwenda kwa mwamuzi pamoja na mshitaki wake, na anashauri: jitahidi kupatana naye mngali njiani. Hiyo ndiyo maana ya kusoma majira. Si kujua nani atashinda. Ni kutambua kwamba bado tuko njiani, na kwamba njia ina mwisho.

Setilaiti ikipita juu ya Goma na Gisenyi, haioni wingu la Kongo na wingu la Rwanda. Inaona wingu moja, limefunika miji miwili iliyogusana, juu ya ziwa moja. Lakini kutoka kule juu haiwezi kumuuliza mtu kama amelala njaa. Kazi hiyo iliachiwa walio chini ya wingu.

Basi, vile vidole. Vilisimama muda ambao nilidhani ni mrefu mno. Kisha msusi akainamia simu iliyokuwa mapajani mwa mteja wake, akauliza kwa sauti ya chini, “Na watoto, wamekula?”

Yule mama alimtazama kwenye kioo. Halafu akairudia simu: “Umesikia? Dada anauliza kama mumekula.”

“Tumekula kidogo. Mumuambie asante.”

Msuko ukaendelea.

Juma hili, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja wa upande ule mwingine, amuulize hali ya hewa ya kwao, asubiri jibu.

Tuombe: Bwana, unayeyajua mawingu kwa hesabu yake, utupe macho ya kuyaona majira haya, na miguu ya kupatana tungali njiani. Amina.